Kushiriki, Kushirikishwa na Gunia la Mkaa

Neno "ushirikishwaji" lina silabi sita. Shina lake ni shiriki. Ongeza -ish- upate shirikisha, yaani kumfanya mwingine ashiriki. Ongeza -w- upate shirikishwa, yaani kufanywa na mwingine ushiriki. Halafu u- ya mbele na -ji ya nyuma huligeuza tendo zima kuwa nomino, na kufikia hapo yule aliyeshirikisha haonekani tena. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyezoea kuchanganua sentensi atauliza: mtenda yuko wapi? Darasani hilo ni swali la alama mbili. Wilayani Kilosa ni swali la ardhi, msitu na fedha.

Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, imeishi na neno hilo kwa karibu kuliko wilaya nyingi. Mwaka 2008 Norwe iliahidi kuipa Tanzania krona milioni 500 kwa ajili ya misitu na tabianchi. Mwaka uliofuata Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, linalojulikana zaidi kwa herufi TFCG, na MJUMITA, yaani Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania, walianza mradi wa majaribio katika vijiji vya Kilosa na Lindi. Vijiji vitunze misitu, hewa ukaa ambayo ingetoka kwa miti kukatwa ipimwe, nchi tajiri zilipe. Mpango wenyewe ulipewa jina la Kiswahili, MKUHUMI, kifupi cha maneno marefu yanayoanza na "Mpango wa Kupunguza" na kuishia na "Uharibifu wa Misitu". Ukilitamka haraka pale stendi ya Msamvu, konda atakukatia tiketi ya Mikumi.

Tuna kipaji cha vifupi vya namna hii: MKUKUTA, MKURABITA na ndugu zao. Vinakaa vizuri kwenye fulana na kwenye ubao wa mradi kando ya barabara. Kasoro yake ni kwamba havipingiki. Mtu anaweza kusimama mkutanoni akasema sitaki msitu wetu ufungwe. Kusimama na kusema sitaki MKUHUMI ni kama kugombana na alfabeti.

Turudi kwenye shina. Shiriki ina ukoo mkubwa: mshiriki, mshirika, shirika, ushirika, ushirikiano. Hata ushirikina umo humo, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ni kosa la kumpa Mungu mshirika. Katika ukoo wote huo mtu ndiye anayetenda. Mkulima aliyejiunga na chama cha ushirika alikwenda kwa miguu yake na kulipa kiingilio chake. Mshirikina naye, tumlaumu tutakavyo, hutoka mwenyewe usiku. Ni mtu wa "ushirikishwaji" peke yake anayekaa nyumbani akingoja kuitwa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano inavijua vitenzi vyote viwili. Ibara ya 8 inasema wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Kitenzi cha kutenda, bila mtu wa kati. Ibara ya 146 inavipa vyombo vya Serikali za Mitaa haki na mamlaka ya kushiriki na ya kuwashirikisha wananchi katika mipango ya maendeleo. Lakini sentensi inayoitangulia hiyo, katika ibara hiyohiyo, inataja madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa: kupeleka madaraka kwa wananchi. Mimi nazisoma kwa mpangilio huo. Madaraka kwanza, kushirikishwa baadaye. Aliyekwisha kupelekewa madaraka hasubiri kushirikishwa; anaulizwa ameamua nini.

Neno madaraka lenyewe limewahi kutuponyoka. Mwaka 1972 ilitangazwa sera ya Madaraka Mikoani, na jina lilisema kweli tupu: madaraka yalifika mikoani yakaishia huko, mikononi mwa maofisa, na halmashauri zilizochaguliwa zikafutwa. Zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza tena kazi 1984. Hizo ndizo sheria zilizokipa kijiji chombo chake kikuu cha leo.

Chombo hicho ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe, na hahitaji barua ya mwaliko wala kadi. Sheria inautaka ukutane walau mara moja kila miezi mitatu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji inaishika ardhi kama mdhamini tu, na haiwezi kuigawa bila mkutano mkuu kuidhinisha. Sheria ya Misitu ya 2002 ikaongeza kwamba kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo na kuusimamia. Ukizipanga sheria hizi tatu mezani utaona kuwa mama anayeuza vitumbua kijijini na babu anayefuga nyuki milimani Kilosa wana kura moja moja katika jambo ambalo mabalozi hulijadili kwenye kumbi zenye viyoyozi.

Sasa soma muhtasari wa mkutano wa kijiji uliojadili mradi wa mazingira. Daftari la kaunta, mwandiko wa mtendaji, muhuri wa bluu. Ajenda ya tatu: "Wananchi walifahamishwa kuhusu mradi. Walielimishwa umuhimu wa misitu. Walihamasishwa kutunza vyanzo vya maji. Walishirikishwa hatua zote. Mkutano uliridhia." Vitenzi vinne mfululizo vya kutendwa, kisha kimoja cha kutenda, nacho ni kukubali. Geuza ukurasa usome ajenda ya mlinzi wa shule, au ya mpaka na kijiji jirani. Huko utakuta: wananchi walihoji, walikataa, waliagiza mwenyekiti afuatilie, waliamua kila kaya ichange. Wakazi ni walewale, mwembe ni uleule, mtendaji ni yuleyule mwenye kalamu ileile. Kilichobadilika ni mwenye ajenda. Ajenda ikiwa ya kijiji, sarufi humpa mwanakijiji kitenzi chake. Ikiwa imeletwa na gari, humvika -w-.

Waanzilishi wa mradi ule wa Kilosa walilijua tatizo hili na hawakulikwepa. Walikwenda kijiji kwa kijiji kutafuta ridhaa, na waliisisitiza kwa sifa tatu: iwe ya hiari, itolewe kabla mradi haujaanza, na mtoaji awe amepata taarifa. Ridhaa ni neno zuri. Linatoka kulekule kwa radhi, na anayeweza kutoa radhi anaweza pia kuizuia. Fedha za majaribio zilipofika, kazi ya mikutano mikuu ikawa kuamua ziende vipi: mkononi kwa kila mkazi au kwenye mradi wa kijiji, na watoto wahesabiwe namna gani. Hapo hakuna aliyehitaji semina. Neno lilikuwa mgao, na mgao kila mtu anaujua tangu kwenye sinia la pilau la shughuli. Ninavyoona, hilo ndilo jambo kubwa lililotoka katika majaribio yale, kubwa kuliko vipimo vya hewa: swali likiulizwa kwa neno la watu, mkutano unafanya kazi yake.

Tatizo ni kwamba jambo lenyewe tunaliita kwa maneno yanayoteleza. Zamani tuliandika "mabadiliko ya tabia ya nchi", kisha tukayaunganisha yakawa tabianchi. Tabia katika masikio yetu ni ya mtu: ana tabia nzuri, hana tabia. Nchi nayo ni Tanzania, yenye bendera na Ikulu. Nchi ikibadili tabia, mkazi wa Rudewa ahusike vipi? Hayo ni mambo ya wakubwa. Hata hivyo ndani ya neno mna mlango ambao sijaona ukitumika vya kutosha. Nchi hiyohiyo imo ndani ya mwananchi, mwana wa nchi. Tabianchi ni tabia ya mzazi, na mwana ndiye anayeishi naye nyumba moja. Kama kuna anayejua mzazi amebadilika, ni yeye.

Na anajua. Anasema vuli imetukimbia. Anasema mvua imekatika mahindi yakiwa kwenye mbelewele. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huigawa Morogoro sehemu mbili katika utabiri wake: kaskazini inahesabiwa na maeneo yenye vuli na masika, kusini na yale yenye msimu mmoja mrefu wa Novemba hadi Aprili. Kilosa imekaa karibu na mshono huo, mahali ambapo hata mvua haijui vizuri iitweje. Mkulima wa hapo anapouliza "tupande lini?" ameuliza swali la tabianchi kamili, ingawa neno lenyewe hakulitaja, na kwa hiyo mara nyingi haandikwi kwamba amechangia mada.

Neno kubwa lina hatari nyingine. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maji yakaingia mjini Kilosa, maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema, na Reli ya Kati ikakatwa. Unaweza kuieleza habari hiyo kwa neno tabianchi. Unaweza pia kuieleza kwa neno tuta, lile la kuzuia mto. Yote mawili yana ukweli, ila hayamfikishi mtu kwenye mlango mmoja. Tabianchi ina sababu zake mbali, kwenye mabomba ya moshi ya viwanda vya ng'ambo, na mkazi wa Magomeni ya Kilosa hana anayeweza kumshika shati. Tuta lina mwenyewe: lina bajeti, lina mhandisi, lina mwaka lilipokaguliwa mara ya mwisho. Kiongozi anayesema "haya ni mabadiliko ya tabianchi" mbele ya tuta lililobomoka huenda anasema kweli, na huenda amejificha nyuma ya kweli hiyo.

Halafu kuna hewa ukaa. Wataalamu wa istilahi walifanya kazi safi: ukaa umetokana na ukoo wa kaa, makaa na mkaa, na ndivyo elementi hiyo ilivyo. Bahati mbaya ni hewa. Mwaka 2016 Serikali iliposaka watumishi hewa, nchi nzima ilizoea maana ya pili ya neno hilo: jina lipo kwenye karatasi, mtu hayupo, mshahara unatoka, kazi haifanyiki. Kuna malipo hewa, mikopo hewa, miradi hewa. Mtu aliyekuja kijijini baada ya hapo na habari ya kununua hewa alikuwa amebeba neno lililokwisha kuchafuka, na alipaswa kutegemea kuguniwa. Soko la dunia nalo halikumsaidia, maana bei ya hewa ukaa ilianguka na wanunuzi wakawa wachache kuliko walivyotangazwa. Siku hizi kanuni za biashara ya kaboni za 2022 zipo, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kipo palepale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Maandishi mengi sasa husema kaboni badala ya hewa ukaa. Kwa mwenye kupenda maneno ni hasara kidogo, kwa kuwa ukaa ulikuwa unamwonyesha mkazi wa Kilosa undugu ambao kaboni inauficha: kinachopimwa angani ndicho kilichomo kwenye gunia lake.

Na gunia ndipo Kilosa ilipotoa somo lake bora. Mwaka 2012 TFCG na MJUMITA, safari hii pamoja na shirika la TaTEDO na kwa fedha za Uswisi, walianza mradi wa mageuzi ya sekta ya mkaa. Miongoni mwa vijiji vya mwanzo vilikuwa Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni. Ndiyo, Kilosa ina kata inayoitwa Ulaya, na kwa miaka kadhaa ungeweza kusema bila kudanganya kwamba umenunua mkaa endelevu wa Ulaya.

Kijiji kinatenga sehemu ya msitu wake kwa uvunaji. Sehemu hiyo hukatwa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavunwa kwa kurukaruka kama miraba ya drafti, cheusi leo, cheupe kibaki, na kitalu kilichovunwa hupumzishwa miaka 24. Visiki havichimbwi, huachwa vichipue, na miti ya miombo huchipua vizuri ikiachiwa nafasi. Magogo hukatwa, hukaushwa, hupangwa, hufunikwa nyasi, kisha udongo, na tanuri huwashwa upande mmoja. Kuanzia hapo mchoma mkaa anasoma moshi. Ukitoka mweupe na mzito, ni maji yanayotoka kwenye kuni. Ukiwa mwembamba wa samawati, mkaa umeiva, na asipowahi kuziba matundu atafungua majivu. Usiku wa tanuri halali mtu, maana udongo ukipasuka hewa huingia na kazi ya wiki nzima huteketea. Huyu ndiye ambaye makablasha husema anahitaji kujengewa uelewa kuhusu hewa ukaa.

Ushuru wa mkaa huo uliingia kwenye mfuko wa kijiji, na mkutano mkuu ukaamua matumizi: vyumba vya madarasa, zahanati, visima, ofisi za kijiji. Hapa lugha ya mihtasari lazima ilibadilika, maana huwezi kuandika "wananchi walishirikishwa kujenga zahanati" wakati fedha ni zao na waliopiga kura ni wao.

Lakini istilahi mpya ikatokea juu. Mwaka 2019, kwa Tangazo la Serikali Na. 417, kanuni za uvunaji ziliongeza mkono wa wilaya hata katika misitu ya vijiji. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Nia yake ni njema. Moshi wa jikoni unaua, na wanaouvuta zaidi ni kina mama. Ila liangalie neno. Nishati safi ikishatajwa, mkaa unabaki chafu, wote, wa wizi na wa kitalu. Kivumishi endelevu, ambacho vijiji vya Kilosa vilikifanyia kazi kwa miaka, kimefunikwa na kivumishi safi. Na kuna hesabu inayopaswa kusemwa kwa sauti: kitalu kilichovunwa 2014 kwa mzunguko wa miaka 24 zamu yake ya pili ni 2038, miaka minne baada ya lengo la Taifa kutimia. Kijiji kiliahidiwa robo karne. Ni haki kiulizwe, mapema, msitu ule utalipa zahanati kwa njia gani nyingine. Kama sivyo utalipa kwa shamba, na hapo hewa ukaa yote iliyotunzwa itaondoka kwa msimu mmoja wa moto.

Neno jingine linalopita bila kukaguliwa ni jamii. "Ushirikishwaji wa jamii" unadhani jamii ni moja. Kilosa haijawahi kuwa moja. Kuna Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, kuna waliokuja na mashamba ya mkonge, kuna wafugaji wa Kiparakuyo wa Twatwatwa, kuna Wabarabaig. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kijiji kinapokaa leo kupanga matumizi bora ya ardhi kwa ajili ya tabianchi, eneo la malisho ni mstari kwenye ramani, na aliyeitwa mvamizi hana namna ya kusimama chini ya mwembe aseme mstari umepita kwenye njia ya ng'ombe wake. Akiandikwa mkazi, ana kura. Akiandikwa mvamizi, ana faini. Kabla ya kuhesabu waliohudhuria, mtu angeuliza kwanza nani aliandikwa kwa jina gani.

Mikumi, humohumo Kilosa, ina hadithi yake. Jina husemwa limetokana na mivumo, ambayo kwa Kividunda ndiyo mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaikata kwa takriban kilomita 50. Mji uliokua pembeni yake ni mji mdogo kisheria, na mji mdogo hupangwa kwa vitongoji. Mkutano mkuu wa kijiji, ule wenye meno juu ya ardhi, haumo. Wengi huona kupandishwa hadhi kuwa mji ni maendeleo. Ni kweli, lakini chombo ambacho mkazi alikuwa na kura ndani yake huachwa mlangoni.

Maji yakipungua hifadhini tembo hawasomi mpaka. Wakila mahindi ya mtu, Serikali humlipa kifuta jasho. Wakiua, huwalipa wafiwa kifuta machozi. Sijui lugha nyingine yenye istilahi za kisheria nzuri na chungu kama hizi. Zimetungwa kwa ustadi ili kukwepa neno moja: fidia. Fidia hudaiwa, na ukinyimwa unakwenda mahakamani. Kifuta jasho hutolewa kwa huruma, kwa kiwango cha anayetoa, na unapokipokea unashukuru. Kabla hatujailaumu wizara, tutazame ukumbi mkubwa zaidi. Mkataba wa Paris kuhusu tabianchi ulipopitishwa 2015, nchi tajiri zilihakikisha imeandikwa kwamba ibara ya hasara na uharibifu haiwi msingi wa kudai fidia. Mfuko wa hasara hizo ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, nao ni wa michango ya hiari. Tanzania inapofika kwenye mikutano hiyo inakaa kiti kilekile anachokalia mkulima wa Mikumi mbele ya ofisa wa wanyamapori: inashirikishwa, inasikilizwa, inapewa kifuta jasho.

Wadau ni neno ambalo siwezi kuliacha. Linatokana na dau, fedha iliyowekwa mezani mchezoni. Mdau ni mwenye chake kinachoweza kuliwa. Kwa kipimo hicho mdau mkuu wa msitu wa Kilosa ni yule atakayelala njaa ukifungwa vibaya, na mgeni anayerudi Dar es Salaam jioni na posho yake si mdau hata chembe. Katika orodha za mahudhurio mpangilio huwa kinyume: wadau wako meza ya mbele, wananchi wako nyuma. Kisha wageni huaga wakisema "tumechukua maoni yenu". Wameyachukua, kweli, na kwa kawaida hayarudi.

Majirani wa Kenya wamejaribu njia nyingine. Isiolo ilianzisha mfuko wa kaunti ambapo kamati za wadi huamua fedha ya tabianchi ichimbe bwawa gani na wapi, wataalamu wakitoa ushauri. Mfano huo ulijaribiwa kwetu Monduli, Longido na Ngorongoro. Jambo la kujifunza humo ni dogo na la kisarufi: mkazi anapendekeza na kuchagua, ofisa ndiye anayeombwa ushauri na kuelekezwa. Kiambishi -w- kimehamia upande wa pili wa meza.

Kwa hiyo nina ombi kwa anayesoma haya akiwa kijijini, Kilosa au kwingine. Mkutano mkuu wa kijiji chako unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Tangazo likibandikwa, nenda. Muhtasari wa kikao kilichopita ukisomwa na ukasikia "wananchi walishirikishwa", nyosha mkono kabla haujathibitishwa, umwombe mtendaji aandike wananchi waliamua nini. Kama hawakuamua chochote, aandike hivyo.